Jumamosi Hatupandi Mlima Homa

Awuor, ratiba yenu ya kupanda mlima nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilifikiri ni mzaha. Nimewaongoza wageni Mlima Homa tangu nikiwa na meno yote mpaka goti la kulia liliponiambia basi, na kwa miaka hiyo yote sijawahi kuona karatasi yenye makosa mengi hivi ikiwa imepambwa kwa maua pembeni. Umesema niitazame kidogo kisha nikujibu sawa. Sasa nakujibu, na jibu si sawa. Wasomee na wenzako wa kundi lenu huko Suna, Migori, wale wanaojiita wapanda milima na hawajapanda hata ngazi ya ghorofa bila kushika ukuta.

Tuanze na ziwa. Mmeandika hivi: saa nne kufika kileleni, saa nne na nusu kuogelea katika ziwa la volkano. Ziwa gani hilo, binti yangu? Juu ya Mlima Homa hakuna ziwa. Kuna nyasi, mawe, miiba na upepo. Ziwa la volkano liko chini kwenye tambarare, upande wa Kendu Bay, linaitwa Simbi Nyaima, na hata bibi mwenye fimbo hulifikia bila kutoa jasho. Mlima ni volkano iliyozimika zamani sana, na Simbi ni shimo lililolipuka kivyake huko chini, likajaa maji. Mtu wa Nairobi akikosea hapo namsamehe, maana kwenye picha za simu kila volkano ina bakuli la maji kichwani. Lakini nyinyi ni watu wa Migori! Ukitoka hapo kwenu mapema, kabla jua halijakolea umeshauona mlima na ziwa vyote viwili, kila kimoja mahali pake. Hamjawahi kutazama nje ya dirisha?

Halafu huko kuogelea. Maji ya Simbi ni ya kijani, mazito, na yana magadi. Ng'ombe hupelekwa kule kulamba chumvi, binadamu hapelekwi kuogelea. Na mkaongeza chini, kwa herufi nzito, kwamba maji ya kunywa mtateka hukohuko ili msibebe mzigo. Kijana mmoja wa benki aliwahi kuyanywa maji yale mbele yangu, vikombe viwili, ili mchumba wake amwone mwanamume. Alirudi mjini amelala kiti cha nyuma cha gari, na mchumba amekaa mbele na dereva wakiongea vizuri tu.

Kila mtu abebe lita tatu za maji kutoka nyumbani. Soda si maji. Mlima upandwe kwanza, mapema, kukiwa bado na ubaridi, na ziwa litazamwe jioni mkishashuka, miguu ikiwa imechoka na midomo imenyamaza. Wakati huo jua limelegea, na kama flamingo wamekuja mtawaona vizuri. Nyinyi mmepanga kunywa chai Suna saa moja ndipo muondoke, na saa nne mliyoiandika kileleni ndiyo kwanza mtakuwa mnashuka kwenye gari. Mtu anayeanza kupanda Homa saa nne asubuhi anapanda na jua mgongoni, na jua la huku halina adabu kwa mgeni. Saa nne mimi nilikuwa nashuka.

Na spika. Eti mtabeba spika ya muziki ya kuwapa nguvu. Siku moja nilipandisha walimu waliokuja na spika kubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza, wakaipokezana mpaka karibu na miamba ya nyuki. Niliwaambia wazime. Mwalimu mkuu akanijibu kwamba nyuki hawana masikio, yeye amesomea sayansi. Sijawahi kuona kundi likishuka ule mlima upesi vile, na mwenye sayansi ndiye aliyetangulia. Spika ilibaki juu ikiimba peke yake mpaka betri ilipoisha, na hakuna aliyejitolea kuifuata.

Viatu sina haja ya kuvisema. Nimeona kwenye picha ulizonitumia, vyeupe kabisa. Miiba itavisema.

Sasa, makosa yote hayo ningeyacheka tu nikaendelea kupepeta mtama wangu. Kilichonifanya nikae chini niandike ni neno moja pale juu kabisa ya karatasi, Jumamosi. Nilipokuuliza kwenye simu ukanijibu mimi bibi yako, "Dani, Saturday ndiyo siku sisi wote tuko free. Na T-shirt tumeshaprint." Kwa hiyo fulana ndiyo inayopanga siku ya kupanda mlima. Basi sikiliza nikueleze kwa nini Jumamosi hatupandi, maana mimi mwenyewe sikuelezwa, au nilielezwa nikiwa na masikio ya kiburi, na kidogo mtu afe mikononi mwangu.

Aliyenifundisha kazi hii ni Jaduong' Okelo. Jaduong' ni mzee wa heshima, lakini yeye heshima alitaka apewe, hakuwa na haraka ya kuirudisha. Alikuwa mfupi, mkavu, mzee wa kanisa la Wasabato lililo pale chini ya mlima, na mlima aliujua tangu akichunga mbuzi wa baba yake. Alifundisha kwa dharau. Nilipoteleza mara ya kwanza alinitazama nikiwa chini akasema, "Nyar Kanyada, mawe ulikuwa huyaoni au mlikuwa mmegombana?" Aliniita hivyo kwa kuwa mimi ni binti wa Kanyada niliyeolewa Kosele, na kwa mdomo wake ilisikika kama ugonjwa.

Alikuwa na mambo matatu ambayo niliyaona ya kizee. La kwanza, mfukoni alibeba kipande cha sukari nguru amekifunga kwenye hanchifu. La pili, begani alibeba leso nyekundu ya marehemu mke wake, na mimi akanilazimisha ninunue yangu. La tatu, Jumamosi hapandi, na hataki mtu yeyote apande. Nguru nilibeba mwaka mmoja nikaacha, kwa sababu ilinijazia siafu kwenye mfuko. Leso nilikuwa naikalia. Na hiyo Jumamosi nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kwa sababu ni Sabato." Nikamjibu kwamba mimi ni Mkatoliki, siku yangu ni Jumapili. Akasema, "Sawa." Hakuongeza neno, na mimi nikahesabu kwamba nimemshinda.

Kulikuwa na jambo la nne, lakini hilo nililiona la kuchekesha tu. Kanisani mzee wa kanisa hukaa mbele, watu wamwone. Okelo alikaa benchi la mwisho kabisa, pembeni mwa mlango, pamoja na wachelewaji na kina mama wenye watoto wanaolia. Nilimtania nikamwambia, "Jaduong', hata kanisani unaogopa kukaa mbele?" Akanijibu neno moja tu. "Hewa."

Basi wakaja wageni sita kutoka hukohuko kwenu Suna, wafanyabiashara, siku wanayoweza kufunga maduka wote pamoja ikiwa Jumamosi. Nikasema nitawapandisha. Okelo hakuwa nami wakati huo, nilishaanza kuongoza peke yangu na nilikuwa naringa. Miongoni mwao alikuwamo Bwana Chacha, Mkuria mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa kicheko kikubwa na shingo nene. Niliwapanga mstari nikawauliza kama kuna mgonjwa. Wote wakasema hakuna. Chacha akaniambia, "Mama, mimi nabeba simiti kila siku. Hii mlima yenu ni nini?"

Hapo niliuliza swali la kijinga, Awuor, na wewe usije ukaliuliza. Hakuna mwanamume atakayekujibu mbele ya wenzake kwamba ni mgonjwa. Uliza kila mmoja, pembeni, asubuhi ya leo amemeza nini. Mtu aliyemeza dawa atakutajia dawa, na aliyemeza mate tu utamjua. Chacha alikuwa na ugonjwa wa sukari. Alikuwa amemeza dawa yake kama kawaida, kisha akaamua asile kitu ili awe mwepesi wa kupanda. Wenzake wawili walijua. Aliwakataza wasiseme.

Tulipofika kwenye bega la mlima, pale penye jiwe kubwa jeupe, alianza kutoka jasho akiwa kivulini. Mikono ikamtetemeka. Kisha akaanza kutugombeza, eti tumemwibia funguo za duka na anatujua sote. Wenzake wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka. Nakwambia hilo kwa sababu ningeweza kuliruka na usingejua. Mtu alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu, na mimi kiongozi wake nilikuwa nimeshika mbavu.

Alipokaa chini na kushindwa kujibu jina lake, kicheko kiliisha. Ndipo mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Huyu ako na sukari, lakini alisema tusiambie mtu." Nikauliza nani ana kitu kitamu. Chakula chao chote kilikuwa kimebaki kwenye gari, nyama ya kuchoma wakishuka. Soda walizimaliza njiani, wakabeba chupa tupu. Nikatia mkono kwenye mfuko wangu mahali ambapo nguru ilikuwa inakaa zamani. Hakukuwa na hata siafu.

Nikapiga nduru. Nyinyi wa mjini labda mmesahau nduru, ile kelele ya kuomba msaada ambayo kila Mluo akiisikia hutupa jembe akakimbilia inakotoka. Siku nyingine yoyote ningepiga moja tu, na ndani ya dakika chache ningekuwa na wakata nyasi, wachunga mbuzi, kina mama wa kuni, wote wakiuliza nani amekufa. Mlima Homa siku za kazi una watu kila upande. Huwaoni, lakini wapo, na wao ndio usalama wako, si mimi wala kamba wala hiyo simu yako. Nilipiga nduru mpaka sauti ikakatika. Hakukuja mtu. Hata kengele ya mbuzi sikuisikia. Upande ule wote wa mlima ni wa Wasabato, na Sabato kisu cha nyasi kimelala, mbuzi wamefungwa karibu na nyumba, watu wako kanisani. Nilichokisikia ni kwaya yao kutoka chini, wanaimba kwa vipaza sauti, vizuri sana.

Simu? Nilipiga. Nilimpigia Okelo, nikampigia mwenye pikipiki, nikampigia kila niliyekuwa na namba yake pale chini. Wote mteja hapatikani kwa sasa. Mtu gani huacha simu wazi kanisani? Nikawatuma wageni wawili wenye miguu mizuri washuke wakalete msaada. Walipatikana alasiri upande wa pili wa mlima, wakimuuliza mtoto njia ya kwenda ziwani.

Sikuwa na jingine la kufanya. Nikaitandaza ile leso nyekundu juu ya jiwe jeupe, nikaweka mawe kwenye pembe zake isipeperuke, kwa sababu Okelo aliwahi kunionyesha hivyo na mikono ilitaka kazi. Sikuamini kwamba kuna mtu atakayeiona. Nilikipakata kichwa cha Chacha nikasali rozari. Katikati ya rozari nilimlaani Okelo kwa kuwa Msabato, kisha nikaendelea nilipoachia. Chacha alikuwa ameacha kugombeza. Niliogopa, Awuor. Niliogopa kiasi kwamba mpaka leo nikishika kichwa cha mtu kizito mikono yangu hukumbuka.

Kisha nikasikia mawe yakiporomoka chini yetu, na mtu akikohoa. Akatokea Okelo. Amevaa koti jeusi la kanisani, tai, na viatu vya ngozi vilivyopasuka njiani. Nyuma yake wanaume wanne wenye tai, wamebeba benchi la kanisa. Hakunisalimu. Alitoa hanchifu mfukoni, akavunja nguru, akailowesha kwa maji, akampaka Chacha ndani ya shavu kwa kidole, kidogokidogo, akingoja ameze. Wale wanaume wanne walifuta jasho kwa tai zao.

Baada ya muda Chacha alifungua macho. Akatazama zile tai, akatazama makoti meusi, akauliza taratibu, "Mimi nimekufa?"

"Bado," Okelo akasema. "Lakini umejitahidi."

Walimlaza kwenye benchi, wakamfunga kwa leso yangu asianguke, wakamshusha. Mimi nilifuata nyuma nimebeba chupa tupu za soda. Tulipofika penye njia pana nilijikaza nikamuuliza alituonaje. Akaniambia bila kugeuka, "Nyar Kanyada, mimi nimekaa mlangoni miaka kumi na moja. Ulifikiri natafuta hewa?"

Mlango wa kanisa lile unatazama bega la mlima moja kwa moja. Unaliona jiwe jeupe kutoka kwenye benchi la mwisho, na huwezi kuliona kutoka benchi jingine lolote. Nikamwambia angenieleza. Akasema alinieleza. Kwamba nilimuuliza kwa nini, naye akanijibu ni Sabato, na mtu anayekaa chini ya ule mlima anajua Sabato watu wako wapi. "Ulitaka nikuchoree?" Halafu akasimama, akanitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Nilijua siku moja kuna mjinga atapanda. Sikujua kwamba ndiye niliyekuwa namfundisha."

Hilo liliniuma, na bado linauma, na nililistahili. Lakini nasema na hili pia, hata kama amelala kaburini na hawezi kujitetea. Alikosea. Angeweza kusema maneno mawili zaidi. Alipenda mno kuwa mtu ambaye haulizwi mara ya pili, na mimi nilipenda mno kuwa mtu ambaye haambiwi, na kati ya viburi vyetu viwili alilala muuza simiti asiye na hatia kubwa isipokuwa uongo kidogo. Ndiyo sababu nakuandikia kwa kirefu namna hii, ingawa najua mtasoma mstari wa kwanza na wa mwisho.

Chacha alipona. Alilazwa, akaondoka bila ruhusa ya daktari siku ya tatu akarudi dukani, na mpaka alipozeeka alikuwa akiwaambia watu kwamba alibebwa na malaika wenye tai. Kanisani kulikuwa na waliouliza kama kubeba benchi Sabato ni kazi. Okelo aliwaambia wenye swali ndio waende kulichukua, maana lilibaki hospitali. Yeye alirudi mlangoni pake, akakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka benchi liliporudi.

Basi pandeni Jumapili. Jumapili mlima umejaa watu, Wasabato wako kazini, na nyinyi wa Misa mnaweza kuhudhuria ile ya Jumamosi jioni kama padri wenu anayo, au mkatubu baadaye. Bebeni maji, nguru, na kitu chochote chekundu, hata hiyo fulana yenu mradi si ya kijani. Mwulize kila mmoja amemeza nini.

Lakini nakujua. Utaniambia ndiyo dani, kisha mtapanda Jumamosi kwa sababu ya fulana. Kwa hiyo ujue na hili. Siku hizi kila Jumamosi mimi, Mkatoliki wa kubatizwa utotoni, ninaingia kwenye kanisa la Wasabato pale chini na kukaa benchi la mwisho pembeni mwa mlango. Miwani nimebadilisha, jiwe naliona vizuri. Wanaume wanne wenye mabega nimeshawachagua kwa macho, wenyewe hawajui. Benchi ni lilelile, nimelinyanyua upande mmoja, si zito. Mchungaji anaamini nimeanza kuongoka, ameniletea vitabu vitatu, na juzi akaniomba nisogee mbele nikakae na kina mama wenzangu.

Nimemwambia hapana, nataka hewa.